Kadi ya msimu ya mtoto na jukwaa la familia: mwongozo kwa klabu na matawi ya Mtwara na Lindi

Klabu ikitaka watoto uwanjani, kikao huanza na bei, na bei ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mtoto wa darasa la tatu hajinunulii kadi. Anayetoa hela ni mama, baba, mjomba au bibi, na huyo ana maswali mengine: mtoto atakaa juani? Choo kipo? Akipotea anapatikana wapi? Na mechi ikiisha, tunatokaje kwenye geti moja na umati wote ule? Kadi ya bei poa isiyo na majibu ya maswali hayo inanunuliwa msimu mmoja tu. Kwa hiyo anzieni uwanjani, kwa kutenga jukwaa la familia (sehemu ya watoto na wakubwa waliowaleta), bei itafuata.

Kivuli kwanza

Nendeni uwanjani saa 10 jioni siku isiyo na mechi, mkiwa na futi ya kupimia na chokaa. Alasiri jua liko magharibi, hivyo mnatafuta mahali ambapo mtazamaji ana jua kisogoni na nyuma yake kuna ukuta, paa au miti. Kwa huku kusini, ukuta wa mita 3 saa 10 jioni unatupa kivuli cha takriban mita 4 mwezi Desemba, na karibu mita 6 mwezi Juni. Mechi ikipangwa saa 8 mchana hesabu inavurugika: Desemba ukuta huohuo haukupi hata mita 2. Mechi za saa 8 basi zinahitaji turubai, la sivyo semeni wazi tangu mwanzo kwamba siku hizo jukwaa la familia halina kivuli.

Turubai lifungwe juu vya kutosha lisiwazibe walio nyuma, na kamba ziwe za kufunguka upesi. Upepo wa kusi ukishika kasi, turubai lililokazwa pande zote linang'oa nguzo, na chini ya nguzo hizo kuna watoto.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hulisahau: kivuli kikifika saa 9:30, zege lililopigwa na jua tangu asubuhi bado linaunguza. Mtoto mwenye kaptura hakai hapo. Mwagieni ngazi maji saa moja kabla ya kufungua mageti, na waambieni wazazi waje na mkeka au kipande cha boksi. Khanga peke yake ni nyembamba mno kwa zege la moto.

Mahali pa kuepuka ni nyuma ya goli (mpira uliopigwa kwa nguvu unamwangusha mtoto), jirani na ngoma na mavuvuzela ya tawi la mashabiki, jirani na mashabiki wa timu ngeni, na karibu na geti kuu. Ngazi mbili za chini kabisa pia ziacheni wazi, kwa sababu watu husimama kwenye uzio mbele yake na mtoto haoni chochote zaidi ya migongo.

Hesabu ya nafasi

Mtu mzima mpeni sentimita 50 za ngazi, mtoto 40. Familia ya mkubwa mmoja na watoto watatu inachukua mita 1.7. Ngazi ya mita 20 ikitolewa njia ya mita 1.2 inabaki mita 18.8, yaani familia 11. Ngazi nne ni familia 44: wakubwa 44, watoto 132, jumla watu 176. Pakeni alama za chokaa, au rangi kama mwenye uwanja ameridhia, kila baada ya mita 1.7. Bila alama, familia tatu za kwanza zitajitandaza kwenye nafasi ya familia tano.

Zikiwa nafasi za watoto ni 132, uzeni kadi kama 110. Zinazobaki ni za watakaolipa siku hiyohiyo. Msiuze 180 kwa kutegemea kwamba hawaji wote. Siku Simba au Yanga anapokuja wanakuja wote, pamoja na binamu zao. Mwaka 2008 pale Tabora, watoto walikufa sikukuu ya Iddi kwenye ukumbi wa disko uliojazwa kupita uwezo wake. Nafasi zikijaa, mlango unafungwa, hata anayebisha hodi akiwa mjumbe wa kamati.

Sheria ya mlango

Uingereza, ambako majukwaa ya familia yalishika miaka ya 1980 na Watford ikiwa miongoni mwa klabu zilizotangulia, klabu nyingi zina sheria moja: hakuna mtoto bila mkubwa, na hakuna mkubwa bila mtoto. Nusu ya pili ndiyo inayolinda jukwaa. Mkiifuta, kufikia dakika ya 20 kivuli chote kitakuwa cha vijana wenye simu za kubeti.

Huku kwetu sheria hiyo ina tundu lake. Nje ya mageti kuna watoto waliokuja peke yao, na wimbo wao ni mmoja: "Anko, niingize." Mkubwa anayetaka kivuli atamshika mkono wa kwanza, wataingia pamoja, na baada ya hatua kumi mtoto yuko peke yake. Dawa ni kuwafunga wawili hao kwa namba. Mlangoni kila familia inapewa vipande vya utepe vyenye namba moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, kimoja kwenye mkono wa mkubwa na kimoja kwa kila mtoto. Msimamizi akimwona mtoto bila namba yake jirani, anauliza. Mkubwa asiye na mtoto mwenye namba yake anahamia mzunguko, yaani majukwaa ya kawaida.

Na wale watoto wa nje? Kuwafukuza si jibu, maana ndio mashabiki wenu wa kesho na wanaijua timu kuliko wengi wetu. Tengeni ngazi moja ya makundi: mwalimu wa shule, wa madrasa au wa timu ya mtaani anakuja na watoto wasiozidi 10 na orodha ya majina, anaingia bure, watoto wanalipa kiingilio cha chini kabisa. Asiyekuwa na mwalimu leo ajue aulizie wapi kwa ajili ya mechi ijayo.

Kadi yenyewe

Kadi ibebe jina la kwanza la mtoto, picha ya pasipoti, namba ya kadi, msimu, na visanduku 15 pembeni vya kutobolewa kimoja kila mechi ya nyumbani. Ligi ya timu 16, iwe Ligi Kuu au Championship (daraja linalofuata chini yake), inatoa mechi 15 za nyumbani. Namba ya simu ya mzazi na jina la shule visiwekwe kwenye kadi. Vibaki kwenye daftari la klabu. Kadi ikidondoka njiani, aliyeiokota asijue mtoto huyo anapatikana wapi.

Bila kutoboa, kadi moja inaingiza watoto wanne kwa kurudishwa nje kupitia matundu ya uzio. Mhuri wa wino haufai, unafutika kwa jasho. Chapeni kwa printa ya leza, si ya wino wa maji, kwa sababu ukishatoboa plastiki ya kuleminisha, mvua inapita kwenye tundu na picha inatiririka. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, yaani sehemu kubwa ya msimu.

Umri tumieni darasa, kuanzia awali hadi la saba. Kudai cheti cha kuzaliwa kutawaacha nje watoto wengi wasiokuwa nacho. Kadi iliyopotea ibadilishwe kwa gharama ya kuchapa tu, ipewe namba ileile yenye herufi B, na ya zamani ifutwe kwenye orodha ya mlangoni siku hiyohiyo.

Sasa bei

Chukulieni mfano: kiingilio cha mzunguko ni Sh 3,000, cha mtoto kwa mechi moja ni Sh 1,000. Mtoto akilipa mechi zote 15 ni Sh 15,000. Kadi ya Sh 6,000 inamfanya alipe Sh 400 kwa mechi. Hiyo ni nafuu ambayo mzazi anaiona bila kupigiwa hesabu. Chini ya hapo kuna hatari nyingine: kadi ya bure haithaminiwi, inachukuliwa na mtu asiyekuja na kumnyima nafasi anayetaka kuja.

Faida haipo kwenye Sh 6,000 hizo. Ipo kwa mkubwa anayelazimika kuja. Aliyekuwa anakuja mechi tatu akianza kuja nane, ameongeza Sh 15,000 mlangoni. Msizihesabu zote kuwa za klabu, ingawa. Kiingilio kikiwa na VAT ya asilimia 18 ndani yake, katika kila Sh 3,000 kinachobaki ni kama Sh 2,542, kisha yanakuja makato mengine ya mlangoni na haki ya mwenye uwanja.

Ndiyo maana kabla ya kuchapa kadi hata moja, andikieni barua Bodi ya Ligi, chama cha soka cha mkoa na mmiliki wa uwanja, mkieleza kadi ni ngapi, bei gani na mapato yake yatatolewaje taarifa. Wekeni nakala iliyogongwa mhuri mlangoni. Ukorofi mkubwa wa siku ya kwanza huwa huo: msimamizi wa mapato hajawahi kuiona kadi, anaikataa, na mama ana watoto watatu kwenye foleni. Mkitumia tiketi za kielektroniki, kama N-Card inavyotumika Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam, kadi za watoto lazima ziingizwe kwenye mfumo huo mapema.

Amueni pia kuhusu mechi kubwa. Ushauri wetu: kadi iheshimiwe mechi zote 15, Simba na Yanga wakiwemo, ila mkubwa alipe kiingilio cha siku hiyo. Kadi inayokataliwa siku ya Yanga, watoto watawatangazia darasa zima.

Lini mziuze

Ligi huanza Agosti au Septemba, na miezi hiyo mifuko ya kusini ni mitupu. Hela ya korosho huanza kuonekana minada ikifunguliwa, kwa kawaida Oktoba. Basi fungueni madirisha mawili: Julai na Agosti kwa wenye mishahara na wafanyabiashara, kisha Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba kwa wakulima, bei ikipunguzwa kulingana na mechi zilizokwisha chezwa. Zikiwa zimebaki mechi 10, kadi ni Sh 4,000. Msisubiri Januari; Januari ni ya sare na madaftari.

Malipo yapite kwenye Lipa Namba ya klabu, kamwe si kwenye simu ya katibu. Anayetaka kulipa kidogokidogo aruhusiwe, lakini kadi akabidhiwe akimaliza.

Siku ya mechi

Wasimamizi wawe mmoja kwa kila watoto 30, angalau nusu yao wanawake, na wawe na fulana za rangi moja. Kwa jukwaa la watoto 132 ni watu watano. Skauti na Msalaba Mwekundu ni wa kuombwa kwanza, ila waombeni wiki mbili kabla.

Choo kiwe cha familia peke yake, pawe na ndoo yenye bomba, sabuni na mtu anayekisafisha mapumziko yanapokaribia. Wauza karanga, korosho, machungwa na barafu waruhusiwe wachache na wajulikane. Chupa za kioo zibaki nje.

Meza ya waliopotea iwe chini ya jukwaa, na ionekane. Mtangazaji aseme namba ya utepe tu, "mwenye namba 27 afike mezani." Asitaje jina wala nguo za mtoto, kwa sababu yeyote anaweza kuja kudai mtoto ambaye ameelezwa vizuri kwenye kipaza sauti. Anayemchukua aonyeshe utepe wenye namba hiyo.

Kutoka, familia ziwe na geti lake. Kama geti ni moja, zikae dakika 10 umati upite. Mechi ya saa 10 inaisha magharibi inakaribia, hivyo pangeni na madereva wa bajaji wasubiri upande huo. Bodaboda ya mshikaki, watoto watatu nyuma ya dereva, isiruhusiwe kupakia mbele ya geti lenu. Mwezi wa Ramadhani dakika hizo 10 ni nyingi kwa anayewahi futari. Siku hizo fungueni geti la familia dakika ya 80.

Mambo ya kuandika nyuma ya kadi

Andikeni mechi ikihamishwa itakuwaje. Namungo, yenye makazi yake Uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa, imewahi kupokea wageni Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, na mtoto wa Ruangwa hawezi kufuata huko. Sentensi moja inatosha: kila mechi itakayochezwa nje ya uwanja huu inapunguza Sh 400 kwenye kadi ya msimu ujao. Kurudisha hela taslimu kutawapa kazi kubwa kuliko hela zenyewe.

Baada ya mechi ya tano, hesabuni mahudhurio kwenye orodha ya mlangoni. Kadi ambayo haijatobolewa mara tatu mfululizo, mpigieni mzazi simu. Sababu mbili hurudi mara kwa mara: mechi ya katikati ya wiki iliyomkuta mtoto darasani, na madrasa ya jioni. Ya kwanza ni ratiba, hamna la kufanya. Ya pili kaeni na walimu wa madrasa mkiwa na ratiba ya mechi zilizobaki, wao waseme siku zipi masomo yanaweza kusogezwa asubuhi.