Kabla hujaanza kusoma habari za mawaziri wa wafalme wa Uingereza, karne ya 17

Kwanza liondoe neno "waziri" kwenye maana tuliyoizoea, ya mtu wa chama mwenye wizara yake. Waziri wa Charles I au Charles II alikuwa mtumishi wa mfalme, akiteuliwa na kufukuzwa kwa utashi wa bwana wake. Cheo cha waziri mkuu hakikuwepo.

Andaa karatasi ya majina, maana kila cheo kipya humpa mtu jina jipya. Edward Hyde na Clarendon ni mtu yuleyule. Anthony Ashley Cooper akawa Lord Ashley mwaka 1661, na kuanzia 1672 utamkuta akiitwa Shaftesbury. Tarehe nazo zina mtego: mwaka wa England ulianza 25 Machi, ndiyo maana kuuawa kwa Charles I kwa kukatwa kichwa, 30 Januari 1649, nyaraka za wakati ule ziliandika kuwa ni 1648. Na tunaposema "Uingereza" tunajumlisha mno. England na Uskoti zilikuwa falme mbili zenye mfalme mmoja tangu 1603.

Lililo zito kuliko yote ni hili: kisheria mfalme hakosei, kwa hiyo lawama humshukia waziri. Nakusihi uanze na Strafford, waziri wa Charles I. Bunge, lililokuwa limekaa miaka 11 bila kuitwa hadi Aprili 1640, lilimkamata mwishoni mwa mwaka huo na kumshtaki kwa uhaini. Alijitetea vizuri hata kesi ikayumba, ndipo wabunge wakatunga sheria maalumu ya kumhukumu kifo. Mfalme alikuwa amemwahidi kwa maandishi kwamba hataguswa. Umati ukajaa nje ya kasri la Whitehall. Strafford mwenyewe akamwandikia mfalme kumfungua kutoka kwenye ahadi ile. Charles akaitia saini sheria ile. Tarehe 12 Mei 1641 Strafford akakatwa kichwa Tower Hill, London.

Ukimaliza hapo, mtafute Danby, mwekahazina wa Charles II. Mwaka 1678 ilisomwa bungeni barua yake ya kuombea fedha kwa mfalme wa Ufaransa. Chini ya barua ile Charles alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ameiridhia, na baadaye akampa msamaha. Wabunge waliukataa msamaha huo, na Danby akakaa gerezani katika Tower, ngome ya London, karibu miaka mitano.