Kuchagua oili ya sintetiki kwa gari la Dar es Salaam

Kabla ya kulipia oili ya sintetiki, yaani oili ya injini iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, fungua kitabu cha gari usome unene unaotakiwa, kwa mfano 5W-30, kwa sababu oili ya bei kubwa yenye unene usiofaa haiisaidii injini. Oili hii haiongezi nguvu kwa kiasi ambacho dereva atakihisi. Faida yake ni kustahimili joto bila kuchakaa upesi, jambo lenye uzito kwa gari linalounguruma muda mrefu kwenye foleni ya Ubungo huku kiyoyozi kikiwaka. Sifa yake ya kutiririka kwenye baridi kali hapa kwetu haina kazi kubwa.

Kwenye giaboksi uwe mwangalifu zaidi: ile ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ina oili yake maalumu, na fundi akikuambia kwamba ya otomatiki ya kawaida “inaingia tu”, mzuie.

Ukishamwaga oili chakavu ya injini, badilisha filta, jaza mpya, washa injini dakika moja, izime, na usubiri kidogo gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Oili isimame kati ya alama mbili.