Bata Bandia Wanaotikisika: Usome Mwanga Kabla ya Kuwasha Mota

Mwindaji wa bata wa majini aliye na bata bandia, yaani sanamu ya kuvutia ndege, wa mabawa yanayozungushwa na mota hushawishika kumwasha tangu anapofika hadi anapoondoka, ilhali kifaa hicho hutegemea mwanga kuliko mwendo wenyewe. Upande wa juu wa bawa huwa na rangi iliyokoza na wa chini huwa mweupe, hivyo bawa linapozunguka weupe huwaka na kuzimika, kama bata anayepiga mabawa akitaka kutua.

Jua likiwa wazi, weupe huo huonekana kutoka mbali sana, na hapo ndipo mota inastahili kuwashwa. Keti ukilipa jua mgongo, ili bata wanaokuja waumizwe macho na mwanga, lakini msimike bata bandia mahali ambapo kivuli cha matete hakimfikii. Awe pembeni mwa nafasi uliyoacha kati ya bata bandia ili ndege watue, si katikati yake. Kundi linapogeuka kuja, mzime kwa rimoti, kwa kuwa kinachovutia kwa mbali hutisha kwa karibu, hasa mwishoni mwa msimu, ndege walionusurika wanapokuwa wamekwisha kukitambua. Kwa bata bukini mimi simwashi kabisa. Sheria nazo ziangaliwe mapema: California, kwa mfano, hairuhusu mabawa ya mota kwa windo hili hadi Novemba 30 ipite.

Mawingu yakitanda, weupe wa bawa hufifia mbele ya anga lenye weupe uleule, na kamba ya kuvuta hushinda mota. Funga mpira unaonyumbuka kwenye nanga, uunganishe na kamba ya rangi iliyofifia inayofika mafichoni, kisha ufungie bata bandia watatu au wanne. Ukivuta na kuachia, mpira huwarudisha, na viwimbi vinavyosambaa huwatikisa hata wale ambao hawajafungwa. Vuta ndege wakiwa wamekupa ubavu au mkia. Wakikuelekea, tuliza mkono, maana watauona kabla ya kuona bata.

Katika ukungu ndege hutokeza ghafla wakiwa karibu, kwa hiyo mota izimwe na kamba ivutwe kidogo kidogo. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, umbo jeusi juu ya maji yanayotikisika linatosha. Kamba hiyohiyo huhitajika pia katika jua kali lisilo na upepo, kwa sababu maji yaliyotulia kama kioo huwafanya bata wa plastiki waonekane walivyo, vitu visivyo na uhai.

Asubuhi za baridi kali, jihadhari na sakitu: hufunika migongo ya bata bandia kwa weupe ambao miale ya kwanza huugeuza mng'ao. Wachovye majini au uwapanguse kwa kitambaa, ukianza na wale walio karibu na nafasi ya kutua.