Peavey 5150 ya mwanzo na 6505: jinsi ya kuzilinganisha kabla hujatoa pesa

Anayeuza 5150 ya mwanzo, amplifaya ya gitaa ya Peavey, atakuambia "hii ndiyo yenyewe, ya herufi kubwa," kisha atapandisha bei. Mimi ni fundi wa amplifaya za valvu hapa Nairobi, na wapiga gitaa wa roki na metali hawachoki kuniuliza ile ya zamani ina nini ambacho 6505 haina. Mimi huwaambia tuziweke zote mbili tusikilize, ila kusikiliza nako kuna utaratibu wake.

Hakikisha kwanza unalinganisha vitu vinavyolingana. 5150 ilitoka mwaka 1992, kazi ya Peavey wa Meridian, Mississippi, wakishirikiana na mpiga gitaa Eddie Van Halen: wati 120, valvu nne za aina ya 6L6 kwenye pawa (sehemu inayosukuma spika), tano ndogo za 12AX7 mbele yake. Za kwanza zina EVH, vifupisho vya jina lake, kwa herufi kubwa; ndizo wanazoziita "za herufi kubwa." Zilizofuata zina saini yake. Mwaka 1999 ikaja 5150 II. Van Halen alipoachana nao mwaka 2004, mashine zilibaki, jina likabadilika: 5150 ikawa 6505, na 5150 II ikawa 6505+. Namba hiyo mpya ni ya miaka 40 ya kampuni, 1965 hadi 2005.

Kwa hiyo ya herufi kubwa mwenzake ni 6505, siyo 6505+. Hiyo yenye alama ya kujumlisha ina 12AX7 sita, na kila chaneli ina vidhibiti vyake vya besi na treble, wakati kwenye ya kwanza chaneli zote mbili zinatumia vidhibiti vilevile. Ukizichanganya utasikia tofauti, ndiyo, lakini si ya uzee na upya.

Angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Zilizoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, na bila transfoma ya kushusha umeme utaunguza. Transfoma hiyo hushusha volti tu. Hezi 50 zetu zinabaki 50, na mashine iliyoundwa kwa 60 inaweza kupata joto zaidi.

Sasa valvu. Hapa ndipo maneno mengi ya mitaani yanapozaliwa. Bayasi, yaani mpangilio unaoamua valvu za pawa zipitishe mkondo kiasi gani, kwenye 5150 na 6505 haina pa kurekebishia. Imefungwa kiwandani, tena imewekwa baridi, yaani valvu za pawa zinapitisha mkondo mdogo kuliko ambao mafundi wengi wangechagua. Seti moja ya 6L6 itapitisha zaidi, nyingine kidogo, na sauti inafuata hapo: baridi sana inakuwa kavu na ya kukwaruza, ikipata joto kidogo inajaa. Mashine mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa sababu hiyo pekee. Basi chukua seti moja, 6L6 na 12AX7 zote, isikilize kwenye ya kwanza, zima, subiri zipoe, uzihamishe zilezile kwenye ya pili, kila moja kwenye nafasi yake. Kazi inachosha, lakini bila hiyo unalinganisha valvu, si amplifaya.

Ya mwaka 1992 imeshapita miaka 30. Kapasita za umeme zikikauka, besi inalegea na mngurumo unapanda, na kuna watu wanaouita ulegevu huo "utamu wa zamani." Mpe fundi azipime. Usifungue mwenyewe: ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita hushikilia chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Boksi la spika liwe moja, na swichi ya ohm nyuma ilingane nalo. Usiunganishe vichwa viwili (kichwa ni amplifaya yenyewe isiyo na spika) kwenye boksi moja kwa pamoja, wala usiwashe kichwa bila spika. Utaua transfoma ya kutolea sauti. Weka standby, hamisha kebo, endelea. Kwa upande wa gitaa napenda pedali ya lupu: rekodi rifu moja, yaani kipande kifupi cha gitaa, iingie kwenye kila kichwa bila kubadilika. Mkono wa binadamu hupiga vizuri zaidi kwenye mashine anayoipenda.

Nobu za Pre (gaini) na Post (sauti) usizifuate kwa namba. Potenshiomita, kifaa kilicho chini ya nobu, hupishana, 5 ya huku inaweza kuwa 6 ya kule. Linganisha ukubwa wa sauti kwa programu ya desibeli ya simu, simu ikae palepale, mpaka zipishane chini ya desibeli moja. Kinachopiga juu kidogo sikio litakiita bora. Kisha mwenzako abadilishe kebo wewe ukiwa umegeuka ukutani, uandike unachosikia kabla hajakwambia ni ipi.

Ukifanya hivyo, sehemu kubwa ya pengo huisha. Linalobaki mimi nalisikia zaidi kwenye chaneli ya lead, ile ya sauti ya kukwaruza, gaini ikiwa juu, nyuzi nene zikizibwa kwa kiganja, na ni dogo kuliko tofauti ya kubadilisha spika. Ya herufi kubwa nitaichukua ikiwa bei yake na ya 6505 zinakaribiana na kapasita zimeshabadilishwa. Bei ikiwa mara mbili, nachukua 6505, na chenji inayobaki naenda kununulia spika.