Kuunganisha ruta mbili na swichi ofisi ndogo

Wadau mnaofungua steshenari pale Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, ruta ya intaneti (kifaa kinacholeta intaneti ofisini) ndo inaanza, toa waya kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani) ingiza tundu lolote la swichi (kiboksi cha kugawa waya mmoja kwa vifaa vingi), kompyuta na printa zote chomeka kwenye swichi, basi. Kazi ipo kwenye ruta ya pili ya waifai. Kwanza ibadilishe anwani, yaani namba yake kwenye mtandao, kama ile kubwa ni 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2, alafu zima DHCP yake (huduma inayogawia kila kifaa anwani) na waya kutoka swichi uingie LAN sio WAN (tundu la kupokea intaneti ya nje), maana ruta zote mbili zikigawa anwani mtandao unavurugika kabisa. Waya wa shaba usizidi mita 100. Na jamani, waya mmoja usichomeke ncha zote mbili swichi ileile, data inazunguka mpaka kila kitu kinaganda. Mvua za radi zikianza huku kwetu, chomoa umeme pamoja na waya unaotoka nje.