Kabla ya kufunga heda za bei nafuu kwenye gari la kuvuta trela

Mtu akikuambia heda zake za bei nafuu zina miaka mitano na hazijawahi kumsumbua, muulize kwanza anavuta nini. Gari tupu hukanyagwa mafuta sekunde chache, likishachanganya mguu unalegea na moto unashuka. Lenye trela likikutana na mwinuko mrefu, mguu unakaa chini dakika kumi au kumi na tano, na moshi unaotoka kwenye silinda za injini ya petroli unaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi muda wote huo. Bomba ni lile lile, kazi si ile ile.

Kwa asiyezijua, heda ni mabomba yanayofungwa ubavuni mwa injini badala ya ile manifoldi nzito ya chuma cha kumimina iliyokuja na gari. Kila silinda inapewa bomba lake, kisha mabomba yote yanakutana chini na kuwa moja. Moshi unatoka kwa wepesi na gari linapungua kilo kadhaa. Ila uzito ulioondoka ndio uliokuwa unastahimili moto.

Kwa hiyo jiulize kwanza kama unazihitaji. Mvuta trela anatafuta nguvu kwenye mizunguko ya chini, pale injini inapozunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Heda nyingi faida yake huonekana juu ya hapo. Zile fupi, zinazokaa mahali pale pale pa manifoldi ya zamani, huongeza nguvu kidogo mno, na mabomba mapana kupita kiasi yanaweza hata kukupunguzia nguvu ya kuondokea. Kama shida yako ni ufa au bolti zilizokatika, manifoldi mpya ya chuma cha kumimina itakufaa zaidi. Na kwa dizeli yenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kusukumia injini hewa, sina maneno mengi: pale manifoldi imebeba turbo yenyewe, usiweke mabomba membamba.

Ukiwa bado unazitaka, nenda dukani na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na sumaku. Tia kalipa kwenye mdomo wa bomba. Bati la milimita 1.2 ndilo utakalolikuta kwenye nyingi za bei ya chini, na kwa kuvuta mzigo mimi siligusi, anzia 1.6, ukipata karibu 2 ni bora zaidi. Pima sehemu iliyonyooka, kisha tazama upande wa nje wa kona, kwa sababu bomba likikunjwa bati huvutika na kuwa jembamba pale. Sumaku nayo itakupa nusu ya jibu. Isiposhika, au ikishika kwa shida, huenda ni chuma cha pua cha daraja la 304. Ikishika sawasawa, ni chuma cha kawaida au ni daraja la 409, ambalo linashika sumaku na linaota kutu ya juu juu lakini linavumilia moto kuliko chuma cha kawaida. Hapo utategemea maandishi ya mtengenezaji, na asiyeandika chochote amekwisha kujibu. Usidanganywe na mng'ao. Rangi nyeusi iliyopuliziwa huungua siku ya kwanza na kujaza moshi chini ya boneti.

Sasa njoo kwenye flenji, lile bamba linalobana kwenye silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Hapa ndipo heda nyingi za kuvutia mzigo hufia, kwa hiyo usiwe na haraka. Bomba la nusu mita likipata moto wa nyuzi 600 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, hurefuka kiasi cha milimita tatu na nusu likiwa la chuma cha kawaida, na milimita tano na kidogo likiwa la chuma cha pua cha daraja la 304. Urefu huo lazima uende mahali. Flenji nyembamba hujikunja kidogo kama ndizi, ncha zake zikatoka kwenye hedi, na bolti za mwisho, mbele kabisa na nyuma kabisa, ndizo zinazovutwa na kusukumwa kila gari linapopata moto na kupoa. Ndiyo maana zinazokatika kwanza huwa ni hizo. Tafuta flenji ya milimita 9 au 10. Ya milimita 6 irudishe. Ilaze juu ya kioo kinene, jaribu kupitisha fila geji, yale mabati membamba ya kupimia mwanya, chini yake. Ikipita ya milimita 0.2, flenji imeshapinda kabla hata haijaonja moto.

Tazama na uchomeleaji, hasa ndani ya tundu la moshi kwa tochi. Wa heda nzuri ni mstari mmoja uliozunguka bomba lote. Wa ovyo una vidonge, vitundu vya sindano, na mahali bomba limeshikizwa nukta mbili tatu tu.

Gasketi, ile ya kuziba kati ya flenji na hedi, ikija ya karatasi kwenye boksi itupe. Nunua ya matabaka ya chuma. Bolti nazo usitumie za kwenye mfuko. Tafuta za kustahimili joto, zenye nati zisizolegea zenyewe.

Kabla ya kufunga, pachika heda bila gasketi uone zinapita wapi. Kuna stata, nyaya za plagi, bomba la breki, shafti ya usukani. Kisichopata nafasi ya vidole viwili kati yake na bomba kiwekee ngao ya bati. Heda ndefu husogeza pia sensa ya oksijeni, inayoiarifu kompyuta ya injini hali ya moshi, na waya wake huenda ukahitaji kurefushwa. Kuzungushia mabomba kitambaa cha kuzuia joto kunapendeza macho, lakini kwenye chuma cha kawaida kitambaa hicho hushika unyevu na kulifungia bomba moto wake. Linaoza ndani hulioni.

Kaza ukianzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, injini ikiwa baridi. Washa, iache ipate moto kamili, izime, ipoe kabisa, kisha kaza tena. Rudia baada ya safari mbili tatu fupi bila trela. Mara ya kwanza mimi nilikaza siku moja tu, nikafunga mzigo kesho yake. Wiki ya tatu asubuhi nikasikia injini inalia tik-tik-tik kama cherehani, dakika tano baadaye kimya. Nikajipa moyo kwamba ni baridi. Kumbe chuma kilikuwa kinatanuka na kuziba mwanya. Nilipopiga tochi nyuma ya silinda ya mwisho nikaona masizi yamechora mstari mweusi kwenye hedi, na bolti haina kichwa.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya safari ndefu, washa gari likiwa baridi, boneti wazi, redio imezimwa, usikilize. Mvujo hauishii kwenye kelele. Hewa ikiingia kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta hudhani petroli ni kidogo na kuongeza. Moshi wenyewe una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya, na tundu la waya kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini linatosha kuuleta ndani. Ukiona abiria anaumwa kichwa kila mnapopanda mlima, simama.

Garini weka bolti nne za akiba, gasketi moja, spana yake na glavu nene. Bolti iliyokatikia ndani ya hedi haitolewi kando ya barabara, usijaribu. Punguza mwendo, fungua madirisha, tafuta gereji.

Manifoldi ya zamani usiiuze chuma chakavu. Yangu niliipaka mafuta nikaifunga kwenye gunia, ikakaa chini ya meza miezi minane. Sasa imerudi ubavuni mwa injini, na heda zimechukua nafasi yake gunani.