Usihesabu laiki peke yake

Kama unauza nguo, keki au viatu Instagram, kabla hujalipia tangazo lingine fungua takwimu za posti zako. Laiki nyingi hutoka kwa ndugu na marafiki. Wanakupenda, ila hawanunui. Mimi naangalia kwanza waliohifadhi posti na waliowatumia wenzao. Mtu akihifadhi picha ya gauni la kitenge, ana harusi au sendofu mbele yake na anajipanga. Huyo ni mteja.

Kisha chukua idadi ya waliobonyeza kiungo chako cha WhatsApp, gawanya kwa akaunti zilizofikiwa (yaani watu walioiona posti), zidisha kwa 100. Posti iliyofikia watu 2,000 na 40 wakabonyeza ni asilimia 2; iliyofikia 300 na 15 wakabonyeza ni asilimia 5. Hiyo ya pili ndiyo ya kuwekea hela, hata laiki zikiwa chache. Na usichanganye kufikiwa na kutazamwa: mtu mmoja akitazama mara tatu, aliyefikiwa ni 1, kutazamwa ni 3.

Takwimu hizi utaziona ukiwa na akaunti ya biashara, na kubadilisha ni bure. Kila Jumapili usiku naziandika kwenye daftari la mauzo, pembeni ya hela iliyoingia.